Daftari la Mauzo ni Ngao ya Mnyonge

Mtumishi wa serikali na mwalimu hulipa kodi yao kabla hawajaushika mshahara. Fedha hiyo hukatwa kwa kanuni inayojulikana, kwa viwango vilivyopitishwa na Bunge, na kiasi chake huandikwa katika hati ya mshahara ambayo kila mmoja aweza kuisoma na kuihakiki. Mfanyakazi aweza kunung'unika kwamba kodi ni kubwa, na pengine ana sababu ya kunung'unika, lakini hawezi kusema kwamba amekisiwa.

Sivyo ilivyo kwa mwenye genge, fundi cherehani, kinyozi, seremala au mama lishe. Kwa wengi wao kodi ya mwaka huanza na mgeni anayesimama mlangoni kwa dakika chache, akatupa macho kwenye rafu, akauliza maswali mawili matatu, kisha akataja kiasi. Mwenye biashara hulia kwamba hali ni mbaya. Ofisa hujibu kwamba wote husema hivyo. Huenda wote wawili wanasema kweli, lakini hakuna kati yao awezaye kuthibitisha neno lake. Hapo kodi hugeuka kuwa mapatano ya sokoni: mwenye ulimi mwepesi hupunguziwa, mwenye chochote mkononi huachwa, na mnyonge asiyejua kujieleza hubebeshwa mzigo wa wenzake.

Hali hiyo haifai kuachwa iendelee. Nchi inayotaka kujitegemea haina budi kutoza kodi, na haina budi kuitoza kwa haki. Lakini haki haipimiki mahali pasipo na hesabu. Ndiyo maana inafaa isemwe wazi, na isemwe hasa mbele ya watumishi na walimu, kwamba chombo cha kwanza cha haki ya kodi kwa mfanyabiashara mdogo ni daftari lake mwenyewe la mauzo na manunuzi. Mwenye daftari hukadiriwa kwa alichokipata. Asiye nalo hukadiriwa kwa jinsi anavyoonekana.

KUMBUKUMBU

Hofu ya mwananchi mbele ya mtoza kodi haikuzuka jana. Kodi ya nyumba iliyoletwa na utawala wa Kijerumani, na ambayo ilianza kutozwa mwaka 1898, haikuwa ya kujaza hazina tu. Shabaha yake nyingine ilikuwa kumtoa mkulima katika shamba lake ili akauze nguvu zake kwa walowezi apate rupia za kulipa. Waingereza walipoitwaa nchi waliendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa. Mtu alitozwa kwa sababu ana kichwa na ana paa; hakuulizwa amevuna nini wala amepata hasara gani.

Baada ya Uhuru mtindo huo haukufa mara moja. Kodi za kichwa zilizokuwa zikitozwa na halmashauri zilifutwa mwaka 1969, lakini halmashauri ziliporudishwa katika miaka ya 1980 kodi ya maendeleo ilirudi pamoja nazo. Wazee wa vijijini wanakumbuka vizuizi vya barabarani na vijana waliolala porini siku za msako. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, na hakuna aliyeililia.

Mchuuzi wa mjini naye ana kumbukumbu zake. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilitaka kila mwenye nguvu afanye kazi halali, shabaha ambayo mpenda maendeleo hawezi kuipinga. Lakini katika kuitekeleza, wachuuzi wengi wa Dar es Salaam walikamatwa pamoja na wazururaji, kana kwamba kushona viatu au kuuza machungwa si kazi. Mtu aliyezoea kukimbia hajifunzi kuweka kumbukumbu. Bidhaa zake huzipanga mahali pa kukunjwa upesi, na karatasi yoyote yenye jina lake na mauzo yake huiona kuwa ushahidi wa kumfunga.

Desemba 2018 vilianza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Hatua hiyo iliwapa wengi karatasi ya serikali iliyowalinda badala ya kuwatisha, na hilo halikuwa jambo dogo. Hata hivyo kitambulisho kilieleza mtu ni nani. Hakikueleza ameuza kiasi gani. Swali hilo lilibaki palepale, na jibu lake halitoki kwa mtu mwingine ila kwa mwenye biashara mwenyewe.

SHERIA

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sheria yenyewe imekwisha kumpendelea mwenye daftari. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilipanga upya kodi ya makadirio, yaani ile inayotozwa kwa mkaaji wa nchi hii anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe, na ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka. Kipimo chake ni mauzo ghafi, maana yake jumla ya fedha zote zilizoingia dukani kabla ya kutoa gharama yoyote.

Kwa mpango huo, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hakutakiwa kulipa kodi hiyo hata senti moja. Aliyevuka milioni 4 lakini hakuzidi milioni 7 alitakiwa kulipa shilingi 100,000 ikiwa hana kumbukumbu. Ikiwa anazo, alilipa asilimia 3 tu ya kile kilichozidi milioni 4. Aliyevuka milioni 7 lakini hakuzidi milioni 11 alitakiwa kulipa shilingi 250,000 ikiwa hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alilipa shilingi 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7.

Tarakimu hizo zinafaa kutazamwa kwa utulivu. Chukua mfano wa fundi cherehani aliyepokea shilingi milioni 5 kwa mwaka mzima. Akiwa na daftari, asilimia 3 ya milioni moja iliyozidi ni shilingi 30,000. Asipokuwa nalo, ni shilingi 100,000. Chukua mfano wa mwenye genge aliyeuza kwa shilingi milioni 8. Akiwa na daftari atalipa 90,000 na 30,000, jumla shilingi 120,000. Asipokuwa nalo atalipa shilingi 250,000. Tofauti ya shilingi 130,000 hailetwi na ukubwa wa biashara, wala na ukali wa ofisa. Inaletwa na daftari ambalo bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya fedha hiyo.

Mfano wa tatu unamhusu yule aliye mdogo kuliko wote. Mwuza mboga anayepokea shilingi 10,000 kila siku, bila kupumzika hata siku moja, hupata mauzo ya shilingi 3,650,000 kwa mwaka. Kwa sheria hiyo hakudaiwa kitu. Lakini msamaha huo ulikuwa wake kwa maandishi tu ikiwa hakuwa na njia ya kuonyesha kwamba mauzo yake ni 10,000 kwa siku, wala si 20,000. Ofisa aliyelikuta genge lake limejaa nyanya asubuhi ya siku ya mnada aliweza kukisia maradufu, na kwa kukisia huko akamhamisha mtu kutoka kundi la wasiolipa hadi kundi la shilingi 250,000. Hivyo ndivyo haki aliyopewa mnyonge na Bunge inavyoweza kumponyoka katikati ya gulio, bila mtu yeyote kuivunja sheria kwa makusudi.

Viwango hutazamwa upya Bungeni kila mwaka wakati wa bajeti, na kila mwenye biashara anapaswa kuuliza viwango vya mwaka wake, wala asishike vya mwaka uliopita. Lakini maana ya mpango huo haipotei tarakimu zinapobadilika. Taifa limekwisha kusema kwamba anayeandika mauzo yake asitozwe sawa na asiyeandika.

MAUZO NA FAIDA

Pamoja na wema huo, kodi ya makadirio ina kasoro ambayo haifai kufichwa. Kodi hii hutazama mauzo; haioni faida. Fundi cherehani anayeletewa kitambaa na mteja wake hutumia uzi, vifungo, umeme na pango. Sehemu kubwa ya anachopokea ni jasho lake. Mwuza sukari na unga, kwa upande mwingine, hupokea fedha nyingi ambazo si zake. Sehemu kubwa yake humrudia mwenye duka la jumla.

Ikiwa wote wawili wameuza kwa shilingi milioni 10 kwa mwaka, kwa mpango wa mwaka 2019 kila mmoja, akiwa na kumbukumbu, angelipa shilingi 180,000. Sasa ikiwa fundi amebakiwa na milioni 6 baada ya gharama, kodi hiyo ni asilimia 3 ya alichopata. Ikiwa mwuza sukari anapata faida ya shilingi 5 tu katika kila shilingi 100, amebakiwa na shilingi 500,000, na kodi ileile inamega zaidi ya theluthi moja ya riziki yake. Na ikiwa mwaka huo panya, mvua au wadeni wamemtia hasara, bado atadaiwa kana kwamba amefaidika.

Je, mtu huyo hana pa kukimbilia? Anapo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mfanyabiashara mdogo kuchagua kutoka katika utaratibu wa makadirio ili atozwe kwa faida yake halisi. Kwa viwango vya kodi ya mtu binafsi vilivyoanza kutumika Julai 2021, kipato kisichozidi shilingi 270,000 kwa mwezi, yaani shilingi 3,240,000 kwa mwaka, hakikutozwa kodi. Mwuza sukari mwenye faida ya shilingi 500,000, na asiye na kipato kingine, angekuwa mbali sana chini ya kiwango hicho.

Lakini njia hiyo ina mlango mmoja, na mlango huo ni hesabu. Atakayechagua kutozwa kwa faida hana budi kuonyesha aliponunua, kwa bei gani, pango ni kiasi gani, usafiri ni kiasi gani, na bidhaa zilizobaki mwisho wa mwaka zina thamani gani. Tena hesabu hizo sharti zistahimili ukaguzi. Ni jambo la kusikitisha kwamba wale wanaoumizwa zaidi na kodi ya mauzo, yaani wenye faida nyembamba, ndio pia ambao mara nyingi hawana karatasi hata moja ya kuwatoa.

VISINGIZIO

Wako wanaosema kwamba mama lishe hana elimu ya uhasibu na hana muda. Jibu ni kwamba haombwi uhasibu. Daftari la shule lenye mistari linatosha: safu moja ya tarehe, safu ya pili ya fedha zilizoingia, safu ya tatu ya fedha zilizotoka, na maelezo mafupi ya zimekwenda wapi. Kazi hiyo huchukua dakika chache kila jioni. Aliye na mtoto wa darasa la tano nyumbani ana karani tayari.

Neno moja tu liongezwe hapo. Fedha za biashara zisichanganywe na fedha za nyumbani. Mwenye duka anayechukua kilo ya mchele kwenda kupika, au shilingi 5,000 kwenda msibani, aandike. Asipoandika ataona mtaji unakwisha, atailaumu kodi, atamlaumu mchawi, kumbe duka limeliwa na mwenyewe. Daftari lingekuwa na faida hata kama pasingekuwa na kodi duniani.

Wako wanaosema kwamba hawapewi risiti wanaponunua. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Mashine za kutolea risiti za kielektroniki zilianza kutumika nchini mwaka 2010, lakini mpaka leo mnunuzi mdogo huulizwa kama anataka bei ya risiti au bei isiyo na risiti, au hupewa risiti yenye kiasi pungufu. Anayekubali punguzo hilo hudhani amepata nafuu. Kwa kweli amemwuzia mwenye duka kubwa ushahidi wake. Kodi ambayo mkubwa ameikwepa itatafutwa kwa mdogo, na mdogo huyo hatakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba mali aliyouza kwa milioni 10 aliinunua kwa milioni 9 na nusu.

Migomo ya wafanyabiashara wa Kariakoo ya Mei 2023 na Juni 2024 ilionyesha jinsi uhusiano wa soko na watoza kodi ulivyokuwa umeharibika. Miongoni mwa yaliyolalamikiwa ni misako ya vikosi kazi, mambo ya risiti na namna makadirio yalivyofanywa. Kariakoo ikifunga, mwenye duka wa Songea na wa Kigoma hukosa mali. Kwa hiyo si ugomvi wa mtaa mmoja wa Dar es Salaam. Ni jambo linalogusa kila genge la nchi hii, na chanzo chake kimojawapo ni kwamba pande zote mbili zilikwisha kuzoea kufanya kazi kwa kutoaminiana.

Tena wako wanaoogopa, ingawa hawasemi, kwamba daftari litawafichua. Kwa hao hakuna la kuwafariji. Mwenye mauzo makubwa anayejificha katika kundi la wachuuzi, mwenye madaftari mawili, moja la kuonyesha na moja la kweli chini ya godoro, na anayegawanya biashara moja kwa majina ya ndugu watano ili kila jina lionekane dogo, hao ni kupe. Wananyonya jasho la mwalimu anayekatwa kila mwezi na la fundi aliyelipa kwa uaminifu. Daftari ni ngao ya mnyonge. Halikukusudiwa kuwa pazia la mjanja.

MAOFISA

Haitoshi kumwambia mwananchi aandike ikiwa ofisa hatasoma alichoandika. Hakuna kinachovunja moyo wa mfanyabiashara mdogo kama kuleta daftari la mwaka mzima, kisha likasukumwa pembeni bila kufunguliwa na kiasi kilekile cha kukisia kikatajwa. Siku hiyo mtaa mzima hujua kwamba kuandika ni kazi bure, na mwaka unaofuata hakuna atakayeandika.

Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi Julai 1996, ina watumishi wengi waaminifu wanaofanya kazi ngumu. Wanapewa malengo ya makusanyo, na malengo yana lazima yake. Lakini lengo la mwezi haliwezi kuwa ushahidi wa mauzo ya mtu. Ofisa anayekataa daftari anapaswa kueleza kwa maandishi amelikataa kwa sababu gani na amefikiaje kiasi alichoweka. Kama ana shaka ya kweli, akague manunuzi, aulize mwenye duka la jumla, atazame miamala ya simu kwa njia ambazo sheria inaruhusu. Kukisia ni njia ya mwisho, baada ya nyingine kushindikana, na haifai kufanywa desturi.

Kadhalika ofisa ana wajibu wa kumweleza mlipa kodi haki zake, hata zile zinazompinga yeye ofisa. Namba ya mlipa kodi hutolewa bure, na yeyote anayedai fedha kwa ajili yake anaiba. Kodi ya mwaka hulipwa kwa awamu 4, na anayelijua hilo mapema hatauza cherehani yake mwezi Desemba ili alipe kwa mkupuo. Asiyeridhika na makadirio anaweza kuweka pingamizi kwa maandishi ndani ya siku 30, kwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, na asiporidhika na uamuzi wa pingamizi hilo anaweza kwenda mbele ya Bodi ya Rufani za Kodi.

Haki hiyo ya pingamizi ina sharti zito: anayepinga hutakiwa kwanza kulipa kiasi asichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwa mtu aliyekadiriwa mara tatu ya anachostahili, theluthi hiyo ni kodi yake yote. Hii ni sababu nyingine ya kutaka makadirio ya kwanza yawe ya kweli, kwa kuwa kosa la mlangoni ni ghali kulirekebisha barazani. Tena pingamizi bila kumbukumbu ni malalamiko tu. Sheria hiyohiyo inataka kumbukumbu zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 5. Anayechoma daftari la mwaka jana ili kuwasha jiko anachoma utetezi wake.

WATUMISHI

Suala hili haliwahusu watumishi na walimu kama watazamaji tu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ambayo iliwazuia viongozi, pamoja na maofisa wa serikali wa daraja la kati na la juu, kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha. Thamani ya mshahara ilipoporomoka katika miaka ya 1980, miradi ya kuku, ng'ombe wa maziwa na maduka ya uani ikawa ndiyo iliyosomesha watoto wa watumishi wengi, na mwaka 1991 masharti hayo yalilegezwa Zanzibar. Leo si siri kwamba mtumishi mwenye mradi yuko katika kila ofisi na kila shule.

Kufanya mradi nje ya saa za kazi, kwa kufuata kanuni za utumishi, si dhambi. Lakini wengi wa wenye miradi hao wanaamini kwamba kwa kuwa mshahara wao umekwisha kukatwa kodi, mradi wao hauhusiki. Au kwamba, kwa kuwa mradi ni mdogo, wanaingia katika kundi la mauzo yasiyozidi milioni 4. Hilo si sahihi. Utaratibu wa makadirio ulitungwa kwa ajili ya mtu ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara. Mwenye mshahara pamoja na duka ana mapato ya namna mbili, na faida ya duka inapaswa kuhesabiwa juu ya mshahara wake.

Mfano wake ni huu. Mwalimu ambaye kipato chake kinachotozwa kodi ni shilingi 700,000 kwa mwezi, kwa viwango vya Julai 2021, alikatwa shilingi 56,000 kila mwezi. Akiwa na duka la daftari na kalamu linalompa faida ya shilingi 50,000 kwa mwezi, faida hiyo ingeangukia katika asilimia 20, yaani shilingi 10,000 kwa mwezi au 120,000 kwa mwaka. Mwalimu huyo hana budi kuwa na hesabu kuliko hata mwuza mboga, kwa sababu anatozwa kwa faida, na faida isiyoandikwa haijulikani.

Itaonekana kwamba mzigo huo ni mkubwa kwa mtu ambaye tayari hukatwa. Huenda ni kweli, na mahali pa kulisema ni katika vyama vya wafanyakazi na mbele ya wabunge wakati wa bajeti. Lakini ofisa wa halmashauri anayemfungia mama lishe banda kwa kukosa leseni, huku baa ya ofisa huyo mtaa wa pili haina leseni wala hesabu, hana uso wa kumhubiria mtu yeyote juu ya ujenzi wa taifa. Wananchi wana macho. Wanajua baa ni ya nani.

WALIMU

Mwisho, hakuna kundi linaloweza kuibadili hali hii kuliko walimu. Elimu ya Kujitegemea, tangu ilipotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule iwe na shamba na miradi ambamo wanafunzi watajifunza kwa kutenda. Shule nyingi bado zina bustani, mabanda ya kuku au maduka madogo. Ni ngapi kati ya miradi hiyo ambazo daftari lake huandikwa na wanafunzi wenyewe, wakajumlisha kila Ijumaa, wakabandika matokeo ukutani mbele ya wote? Mwanafunzi wa darasa la sita anayejua kutafuta asilimia 3 ya milioni moja ana hisabati ya kutosha kumtetea baba yake mbele ya ofisa wa kodi. Kinachokosekana ni mwalimu kumwonyesha kwamba hesabu ya ubaoni na hesabu ya dukani ni hesabu moja.

Kila kata ina shule, na kila shule ina mtu anayejua kujumlisha na kutoa. Jioni moja kwa mwezi, chini ya mwembe au katika darasa tupu, walimu wawili wanaweza kuwafundisha wachuuzi na mafundi wa kata yao kuchora safu tatu, kutenga fedha za nyumbani, kudai risiti na kuandika barua ya pingamizi. Ofisi ya kodi ya wilaya nayo ipeleke mtu wake hapo, aje bila kitabu cha makadirio, ajibu maswali. Mambo hayo hayahitaji bajeti mpya wala sheria mpya.

Mtumishi anaponunua hata kibiriti, adai risiti pale inapotakiwa kutolewa, na asikubali bei ya pembeni. Mwenye mradi afungue daftari lake wiki hii, kabla hajalisema la jirani. Ofisa wa mapato afungue la mchuuzi na alisome mpaka mwisho kabla ya kutaja kiasi. Taifa halitajengwa kwa kodi ya kubahatisha, na mnyonge hataacha kumkimbia mtoza kodi mpaka siku atakapoona kwamba tarakimu alizoziandika kwa mkono wake zimeheshimiwa.